Mazoezi ya gofu renjini: maswali tunayoulizwa kila wiki Bagamoyo

Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijamaliza kushusha begi kwenye bajaji, kuna mtu ameshaniuliza swali ambalo mwenzake aliliuliza Jumamosi iliyopita. Nimeamua kuyaandika. Mimi si mchezaji wa kulipwa. Nilikuwa kedi, yaani mbeba begi la fimbo za mchezaji, Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, nikarudi nyumbani, na sasa nawasimamia watu kumi na kitu wanaojifunza kwenye uwanja wa nyasi upande wa Kaole. Majibu yote yanachukulia kwamba unapiga kwa mkono wa kulia. Mashoto wana swali lao kuelekea mwisho.

## Kabla hujapiga hata mpira mmoja

Renji ni nini hasa?

Ni uwanja wa kupigia tu, usio na shimo la kumalizia. Unasimama mahali pamoja, pembeni una ndoo ya mipira, mbele kuna alama za umbali. Ukikosea, unachukua mwingine. Kozi ni kitu kingine: mashimo 9 au 18, mpira mmoja, na kila mkwaju unaandikwa. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa nusu ya maswali ya ukurasa huu.

Renji yetu haina uzio wala paa. Alama ni ndoo za rangi zilizotoboka na minazi mitatu. Mnazi wa kati tumeupima kwa kamba, ni mita 128 kutoka tunaposimama. Ukisikia nasema "mnazi wa kati", ndio huo.

Lazima niende Dar ndiyo nifanye mazoezi?

Hapana. Kozi tunayoiendea ni ya Lugalo, mashimo 18, mali ya Jeshi la Wananchi, na iko kandokando ya barabara hiyohiyo ya Bagamoyo, kwa hiyo daladala inakushusha jirani. Lakini hiyo ni safari ya mara moja moja. Kazi kubwa ya kujifunza inaweza kufanyika kwenye uwanja wowote wa nyasi fupi, mradi una ruhusa ya mwenyewe na una nafasi ya kutosha mbele.

Hapo kwenye nafasi watu hujidanganya. Uwanja wa mpira wa miguu una urefu wa mita 100 hivi. Fimbo namba 7 ya kijana mwenye nguvu inauvuka wote na kwenda kutua kwenye bati la mtu. Kwenye uwanja wa mpira piga wedji peke yake, ile fimbo fupi ya kupandisha mpira juu kwa umbali mdogo, tena nusu swingi, yaani nusu ya mzunguko wa kupiga.

Ninunue fimbo ngapi?

Kanuni zinaruhusu hadi 14 kwenye begi. Wewe unahitaji tatu: namba 7, wedji moja, na fimbo ya kusukumia shimoni. Za mtumba zinatosha kabisa. Angalia tu mambo mawili: ngozi ya mpini isiwe imekuwa ngumu na kuteleza, na urefu usikulazimishe kuinama kama unayeng'oa magugu. Dreva, fimbo ya kupigia mbali zaidi, itasubiri, na sababu iko kwenye swali la "Dreva nianze lini?".

Gofu si mchezo wa matajiri, tena wanaume?

Glavu moja na mipira ya mtumba haimfilisi mtu. Kwa wanaume, waulize waliowahi kucheza na Madina Iddi, aliyeiwakilisha Tanzania nje ya nchi mara nyingi. Wanawake wana chama chao cha taifa, TLGU, na katika kundi letu anayepiga mpira ulionyooka kuliko wote ni mama muuza vitumbua. Anakuja akishafunga biashara, saa nne asubuhi, jua limeshachachamaa, wala halimsumbui.

## Namna ya kupanga kikao

Nipige mipira mingapi kwa siku?

Hili ndilo swali namba moja, na jibu langu haliwafurahishi watu: hamsini. Ukiwa umechoka, thelathini.

Nilipoanza nilikuwa napiga mia mbili kwa siku na kujisifu. Nilikuwa naiparaza ndoo kwa mguu ili mipira ifuatane haraka, na mpira wa pili ulikuwa unapigwa kabla wa kwanza haujatua. Siku niliyopelekwa kozini kucheza mwenyewe, nilipoteza mipira kumi na mmoja kwenye mashimo tisa. Mikono ilikuwa na sugu kama ya mvuvi anayevuta jarife, lakini mchezo haukuwepo. Nilikuwa nimejifunza kutoa jasho.

Mpira wa mazoezi una maana pale unapojua kabla ya kuupiga ulitaka uende wapi, na baada ya kuupiga ukasema ulikwenda wapi. Hayo mawili yanachukua nusu dakika hadi dakika. Zidisha mara hamsini uone kama utabaki na nguvu ya kupiga mia mbili.

Renjini napiga vizuri, kozini naharibu. Nimelogwa?

Hujalogwa. Umejizoeza kitu ambacho kozini hakipo.

Fikiria unachofanya renjini: unashika namba 7, unapiga kuelekea mnazi uleule, mara ishirini mfululizo. Mpira wa kwanza unakosa, wa pili unarekebisha, kufikia wa sita mwili umeshakariri na unaruka vizuri. Unaondoka na furaha. Kozini hupewi huo wa sita. Unapewa wa kwanza, halafu unatembea mita mia, unabadilisha fimbo, unapewa wa kwanza mwingine. Kwa siku nzima unapiga mipira ya kwanza tu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1986 Goode na Magill, watafiti wa Marekani, walifundisha wanafunzi aina tatu za kuanzisha mpira kwenye badminton. Kundi moja lilirudia aina moja hadi likaimaliza ndipo likaenda nyingine. Kundi jingine lilichanganyiwa. Walipopimwa baadaye, na hata walipohamishiwa upande mwingine wa uwanja, waliochanganyiwa ndio waliofanya vizuri zaidi. Kurudia kitu kimoja kunakupa raha ya leo, ila mwili haulazimiki kufikiri, na usipofikiri hauhifadhi.

Kwa hiyo badilisha. Namba 7 kwenye mnazi wa kati, kisha wedji kwenye ndoo ya bluu, kisha namba 7 tena lakini mnazi wa kulia. Utapiga vibaya zaidi kuliko ulivyozoea, na jirani yako atakucheka. Mwache.

Mgeni kabisa, ambaye bado mpira haujui kuondoka ardhini, yeye arudie kwanza fimbo moja kwa wiki tatu nne. Huwezi kuchanganya kitu ambacho huna.

Kikao cha saa moja kinapangwaje?

Nitakueleza changu cha Jumamosi, mipira hamsini, wewe kipunguze upendavyo.

Kumi za mwanzo ni wedji, nusu swingi, kwenda kwenye ndoo ya mita 40. Sitafuti chochote hapo zaidi ya kusikia sauti ya mpira ukigusa katikati ya uso wa fimbo. Sauti hiyo ni kavu na fupi. Ukigonga ukingoni, mpini unakutetemesha mpaka kwenye viwiko.

Kumi na tano zinazofuata ni za kurekebisha kitu kimoja. Kimoja. Kama wiki hii ni namna ya kushika fimbo, basi siulizi mpira umekwenda wapi, nauliza kama mikono ilikaa nilivyotaka.

Ishirini ni kozi ya kichwani, na hapa ndipo penye utamu. Najitungia shimo: mkwaju wa kwanza lazima upite kati ya mnazi wa kushoto na wa kati. Ukipita, mkwaju wa pili ni namba 7 kwenye mnazi wa kati. Usipopita, najihesabia niko porini na napiga wedji ya kutokea. Halafu shimo la pili, la tatu. Naandika mikwaju kwenye kijidaftari kama niko mashindanoni. Tukiwa wawili tunashindania dafu, na dafu lina namna ya kumtoa mtu jasho ambayo ndoo ya mipira haina.

Tano za mwisho napiga kwa utaratibu kamili: nasimama nyuma ya mpira, nachagua jani au jiwe lililo hatua moja mbele kwenye mstari wa ninapoelekea, nauelekeza uso wa fimbo hapo, napanga miguu, napiga. Baada ya kila mmoja narudi kuketi kwenye gogo. Dakika moja nzima. Huo ndio mwendo wa kozini.

Dreva nianze lini?

Siku namba 7 itakapofika au kuukaribia mnazi wa kati mara sita katika kumi. Dreva ni ndefu kuliko zote na uso wake umesimama, umelala nyuma kwa nyuzi 9 hadi 12 tu, wakati namba 7 ina 30 hivi. Uso uliosimama hauusaidii mpira kupanda na hausamehe kupinda. Kosa dogo la namba 7 linakuwa kosa kubwa la dreva.

Ukishaanza nayo, isizidi mipira kumi kwa kikao. Najua inavutia. Nimeona watu wakimaliza ndoo nzima na dreva, halafu wananiuliza kiuno kinauma kwa nini.

Mbona hamsemi kuhusu kusukuma? Si ndiko mchezo ulipo?

Wazee wa kozini hupenda kusema hivyo. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichambua mamilioni ya mikwaju ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani na kukuta kwamba kama theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji mzuri na wa wastani inatokana na mikwaju ya kutokea mbali, zaidi ya yadi 100. Kwa hiyo renji haipotezi muda wako.

Hata hivyo, kusukuma ni zoezi la bure na halihitaji uwanja. Fanyia nyumbani juu ya jamvi. Jamvi la ukili linashonwa kwa shupatu, na ule mshono kati ya shupatu na shupatu ni mstari ulionyooka ambao hakuna duka litakuuzia mzuri kuliko huo. Weka mpira juu ya mshono, sukuma, uone unakaa juu yake hadi wapi. Mwishoni weka kikombe kilicholala. Shimo halisi lina upana wa milimita 108, kwa hiyo ukizoea kikombe, shimo litakuja kuonekana kama kisima. Sakafu ya saruji isiyo na kitu inakimbiza mpira mno, haifundishi.

Usijihukumu vikali pia. Kutoka mita mbili na nusu hivi, wachezaji wakubwa wa kulipwa huingiza kama nusu tu.

## Mpira unaokataa

Mpira wangu unapinda kulia kila mara. Nifanyeje?

Kwanza jua kinachotokea. Mpira huanza safari karibu na pale uso wa fimbo ulipokuwa unatazama wakati wa kugongana. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso huo na njia ya fimbo. Fimbo ikipita kuelekea kushoto huku uso ukiwa wazi kulia kwa njia hiyo, mpira unazungushwa na unapinda kulia.

Wanafunzi wangu wengi wakiona unakwenda kulia wanajielekeza zaidi kushoto. Matokeo yake fimbo inapita zaidi kushoto na mpira unapinda zaidi. Ni sawa na kujikuna kidonda.

Anza na mikono. Ukishika fimbo, tazama mkono wa kushoto: lazima uone vifundo viwili au vitatu vya vidole. Ukiona kimoja, uso utabaki wazi hata ufanyeje. Sogeza mkono kidogo upande wa kulia juu ya mpini, piga mipira kumi nusu swingi, usijali inakwenda wapi. Wengi wanapona hapo. Asiyepona akague mabega yake: mara nyingi miguu inatazama mnazi lakini mabega yanatazama baharini.

Halafu, kabla hujajilaumu, soma swali linalofuata.

Upepo wa Bagamoyo unaathiri vipi mazoezi?

Sisi tunapiga kuelekea kusini, bahari iko kushoto. Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, inatoka nyuma kushoto. Kusi ikianza, kuanzia Aprili na kali zaidi Juni hadi Agosti, inatoka mbele kushoto. Ona basi: pepo zote mbili zinasukuma mpira kulia! Ilinichukua msimu mzima kuling'amua hilo, na muda wote huo nilikuwa nawasumbua watu na mikono yao. Asubuhi mapema, upepo wa umande ukivuma kutoka bara, mipira ileile ilikuwa inanyooka.

Kwa hiyo pima mpindo wako asubuhi, kabla ya saa tatu. Jioni jifunze kucheza na upepo, usijifunze swingi.

Upepo wa mbele unakunyang'anya umbali mwingi kuliko ule wa nyuma unaokupa. Usishindane nao kwa nguvu. Ukipiga kwa nguvu zaidi mpira unazunguka zaidi, unapanda juu, na huko juu ndiko upepo ulipo. Chukua fimbo ndefu kwa ngazi moja au mbili, shika chini kidogo kwenye mpini, piga taratibu. Kumbuka unapeperusha kitu kisichozidi gramu 45.93.

Napiga ardhi kabla ya mpira.

Chota mchanga, mwaga mstari mwembamba kwenye nyasi, simama mstari ukiwa katikati ya miguu. Usiweke mpira. Piga swingi, utazame fimbo imekwangua wapi. Kwa namba 7 inatakiwa iguse kwenye mstari au mbele yake, upande wa unakoelekea. Ikigusa nyuma, uzito wako umebaki mguu wa kulia. Rudia mpaka ipite mara saba katika kumi, ndipo uweke mpira juu ya mstari. Ni zoezi la dakika kumi na hata mpira huhitaji, lakini ndilo watu wanaloliruka kuliko yote.

Nilipiga kwenye mkeka wa plastiki mjini nikawa bingwa. Hapa kwenye nyasi sipigi kitu.

Mkeka ulikudanganya. Fimbo ikigonga mkeka sentimita tano nyuma ya mpira inateleza na bado inaufikia, unaona umepiga vizuri. Kwenye nyasi inajichimbia. Na kigumu kilicho chini ya mkeka kinarudisha kishindo kwenye kifundo cha mkono. Mimi niliumia kifundo hivyo, kwenye mkeka uliochakaa hadi saruji inaonekana, nikakaa wiki sita bila kushika fimbo. Ukilazimika kutumia mkeka, tumia tii fupi, kile kijiti cha kuuinulia mpira, na usipige kwa kuchimba. Ukitaka kujua ukweli, tumia mchanga wa jibu lililotangulia.

Nitajuaje umbali wa kila fimbo?

Hesabu pale mpira unapotua, si pale unapoishia. Kiangazi ardhi yetu ni ngumu kama barabara na mpira unaweza kubiringika mita thelathini. Masika unazama palepale. Mtu mmoja asimame pembeni kwa usalama, atazame unapotua, mwingine apige kumi. Tupa miwili mirefu zaidi na miwili mifupi zaidi, iliyobaki ndiyo fimbo yako. Watu hupenda kukumbuka ule mmoja uliopita mnazi. Huo ulikuwa bahati.

Mipira iliyochakaa inaruka karibu zaidi kuliko mipya, na kadi nyingi za kozi zinahesabu kwa yadi. Yadi moja ni mita 0.9144, kwa hiyo mnazi wetu wa mita 128 ni yadi 140.

Hewa nzito ya pwani si inaubana mpira?

Ni kinyume. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, na joto linaifanya hewa kuwa nyepesi zaidi. Inayouzuia mpira ni kwamba tuko usawa wa bahari. Ukienda Arusha, kama mita 1,400 juu, utaona namba 7 ileile inaruka mbali zaidi. Usijisifu.

## Mwili

Mikono inatoka malengelenge. Ni kawaida?

Machache, ndiyo. Mengi, unaibana fimbo. Ishike kama unavyomshika kifaranga, asikimbie na asife. Vaa glavu mkono wa kushoto. Hapa pwani jasho linaiozesha haraka, hivyo ivue kati ya mkwaju na mkwaju, na ukirudi nyumbani ianike kivulini. Juani ngozi inakakamaa kama ng'onda.

Nijiandae vipi ili mgongo usiume?

Dakika tano. Tembea uwanja mzima kwenda na kurudi, zungusha kiuno fimbo ikiwa mabegani, piga swingi kumi bila mpira, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Maumivu ya mgongo ambayo hayaishi baada ya siku tatu si ya renji tena, nenda ukaonwe na daktari.

Ramadhani nifanyeje?

Sehemu kubwa ya kundi letu hufunga, na kila mwaka kuna anayetaka kuonyesha ushujaa saa saba mchana. Usifanye hivyo, hapa unakaukiwa maji kabla hujajua. Sisi hukutana baada ya Alasiri, nusu saa kabla ya watu kutawanyika kwenda kufuturu, mipira ishirini ya wedji tu, kivuli cha minazi kikiwa kimeshalala. Mwenye hamu zaidi anamalizia kwenye jamvi baada ya Tarawehe. Wengine wamerudi Shawwal wakiwa bora kwa mikwaju mifupi kuliko walipoondoka.

## Hali za pembeni

Mbuzi, watoto na wapita njia je?

Mtu akiwa ndani ya uwanja, hupigi. Hata kama yuko mbali, hata kama anakupungia mkono upige. Mpira ukiwa umeshatoka na unaelekea kwa mtu, paza sauti "Fooo!" mara moja, usisubiri kuona utatua wapi. Watoto wanaotukusanyia mipira wanaingia uwanjani wote kwa pamoja, fimbo zote zikiwa chini, na wanatoka wote ndipo tunaendelea. Aliyewahi kupiga wakati wamo ndani hakurudi tena kwetu, na hakuombwa arudi.

Mbuzi nao tunawasubiri. Mwenye mbuzi ni jirani.

Mimi ni shoto na fimbo zilizopo ni za kulia.

Jaribu za kulia kwa mwezi mmoja. Kwenye gofu mkono wa mbele unafanya kazi kubwa ya kuongoza, na wako wa kushoto ndio wenye nguvu. Mwezi ukiisha bado unajihisi unaandika kwa mguu, tafuta seti ya kushoto. Ziko chache kwenye mtumba, ila zipo. Ukipiga kwa seti hiyo, mambo ya mikono na mpindo hapo juu yageuze, ila upepo unabaki uleule.

Nijirekodi kwa simu?

Ndiyo, lakini iweke sawa la sivyo itakuongopea. Simu iwe usawa wa kiuno, iwe imetulia juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ama inyooke nyuma yako kwenye mstari wa mikono na unapoelekea, ama ikutazame kifuani. Pembeni-pembeni haifai. Rekodi mikwaju mitatu, tazama kitu kimoja, weka simu mfukoni. Aliyejitazama mara thelathini kwa kikao huyo amekuja kupiga picha.

Kila mtu mtandaoni anasema lake. Nimsikilize nani?

Mmoja, kwa miezi miwili. Wengi wao wako sahihi kwa mwili wa mtu mwingine.

Masika tunafunga?

Siku za mvua kubwa, ndiyo, na radi ikisikika unaondoka uwanjani hapohapo, kwa sababu umeshika chuma mahali pa wazi kati ya minazi. Mvua ikipita, siku ya nyasi zilizolowa ni nzuri kwa zoezi la mchanga: makosa yanaonekana kwenye tope bila kificho.

Niko tayari kwenda kozini lini?

Mapema kuliko unavyodhani. Ukiweza kuuondoa mpira ardhini mara saba katika kumi, unajua kusimama pasipo hatari kwa wenzako, na huchelewi, njoo. Kanuni za sasa, tangu 2019, zinakupa dakika tatu tu za kuutafuta mpira uliopotea, na unapodondosha mpira kuurudisha mchezoni unauachia usawa wa goti. Handikapu, ile idadi ya mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji, inafika hadi 54, yaani umeruhusiwa kuwa mbovu kwa mikwaju mitatu ya ziada kila shimo. Nenda siku ya katikati ya wiki, piga simu klabu kwanza, na mwombe kedi mzoefu akutembeze. Mlipe vizuri, nami nilikuwa yeye.

Mipira inayopotelea kwenye majani ni ya nani?

Ya atakayeiokota. Tulijaribu kuweka sheria, haikudumu hata wiki. Sasa vijana wa mtaani wanaiokota Jumapili, wanaiosha, na Jumamosi inayofuata wanatuuzia wenyewe mipira yetu ikiwa kwenye beseni. Myeupe bei ya juu, iliyokwaruzwa nusu bei. Ukitaka kupatana nao, njoo na chenji.